MALI BILA DAFTARI: Habari ya Land Rover ya Balambala

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi, na kupigwa chapa kwa ombi la wanachama)



Mmetuomba tueleze habari ya motokaa ya Balambala, kwa maana maneno yake yamepita karakanani kwa vinywa vingi, na kila kinywa kimeongeza lake. Wako waliosema ya kuwa tulikamata gari la wizi. Wako waliosema ya kuwa tulipewa fedha na Wazungu. Hayo yote si kweli. Tutaeleza yale tuliyoyaona kwa macho yetu, na mwisho tutasema kwa nini habari ya gari kuukuu yafaa kusemwa katika mkutano wa chama cha wafanyakazi.

Sisi tulikuwa watatu, mafundi wa karakana ya reli Nairobi, na mmoja wetu kwao ni Balambala. Wengi wenu mnaijua Garissa, lakini Balambala hamjafika. Ni mji mdogo kando ya mto Tana, ukitoka Garissa na kufuata mto kwenda juu. Watu wake ni wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi, na ukingoni mwa mto wako wanaolima. Reli haijafika huko. Katika mpango wa LAPSSET imeandikwa reli itakayotoka Lamu ipite Garissa kwenda Isiolo, lakini hata leo mtu wa Balambala akisema gari, anasema gari la mipira.

Tulikwenda wakati wa likizo, kwa kualikwa na mwenzetu. Huko yuko ndugu wa baba yake, ambaye mwenzetu humwita Adeer, yaani ami kwa Kisomali, nasi tukamwita vivyo hivyo. Adeer ana Land Rover ya zamani. Alipojua ya kuwa sisi ni mafundi, hakungoja tumalize chai.

Akasema, "Wanangu, gari hili limebeba wagonjwa wa mji huu, limebeba maharusi, limebeba na maiti. Sasa naambiwa ni chuma cha kuuza kwa kilo. Hebu nendeni mkaliangalie."

Shida yake ilikuwa hivi. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 ulimwulia mifugo mingi. Mvua zilipokuja, zikaja na mafuriko ya Novemba 2023. Maji yakaingia ndani, sanduku la karatasi likalowa lote, na logibuku ikawa uji. Mzee akakata shauri kuuza gari, apate pampu ya kupandisha maji shambani. Akaja mnunuzi mmoja kutoka mjini, mtu wa kukusanya magari ya zamani. Akalizunguka gari mara mbili, akachungulia ndani, akasema, "Mzee, gari hili halina karatasi, tena namba yake ina mashaka. Ukikutana na askari utaulizwa maswali. Mimi nitakuondolea taabu." Akataja bei ya chuma chakavu, akasema atarudi.

Basi tukaanza kazi. Kwanza tulitazama kibao. Land Rover za wakati huo zina kibao kidogo cha bati ndani, mbele ya dereva, kilichofungwa kwenye ule ukuta unaotenga miguu yake na injini. Hapo hupigwa namba ya chasisi. Namba tuliyoiona ilianza na 252. Mmoja wetu, ambaye kabla ya kuingia reli alitengeneza Land Rover kwa miaka mingi, akanyamaza, akaenda kuchukua utepe wa kupimia.

Tueleze sababu. Gari hili ni la namna iitwayo Series IIA, iliyotengenezwa Solihull, Uingereza, tangu 1961 mpaka 1971. Namba yake ya chasisi ina maana. Tarakimu tatu za kwanza zasema gari ni la namna gani na lilikusudiwa kwenda wapi. 241 ni gari fupi la petroli, usukani wa kulia, la kuuzwa kwao Uingereza. 242 ni gari lile lile, lakini la kuuzwa nchi za nje. 243 ni la kupelekwa nje likiwa vipande, liunganishwe huko liendako. 252 ni gari refu la petroli, usukani wa kulia, la nchi za nje. Na ile herufi ya mwisho ni ya mabadiliko: kiwanda kilipobadili sehemu kubwa za gari, herufi ilisogea mbele, ili mwuza spea ajue ampe mtu spea ipi.

Kibao, basi, kilisema gari refu. Gari refu, ukipima kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, ni inchi 109, kama sentimita 277. Fupi ni inchi 88, kama sentimita 224. Tulipima upande wa kulia, tukapima na wa kushoto. Gari la Adeer lilikuwa inchi 88.

Mzee alipoona tumenyamaza akauliza, "Mmeona nini?" Tukamweleza. Akaketi juu ya gurudumu la akiba, akasema polepole, "Gari hili nililinunua kwa ng'ombe wangu. Leo nimekuwa mwizi?"

Ndugu zangu, neno hilo lilituingia. Hapo ndipo tulipoona ya kuwa kazi yetu si ya kutaka kujua tu. Jina la mtu mzima, aliyeishi na jirani zake miaka yote bila doa, lilikuwa limening'inia kwenye bati la ukubwa wa kiganja.

Lakini sisi watu wa reli hatuna budi kujua ya kuwa kibao si chombo chenyewe. Nendeni kwenye Makumbusho ya Reli hapa Nairobi, mkaitazame injini namba 5918, iitwayo Mount Gelai. Ni moja ya zile 34 za daraja la 59, Garratt zilizotengenezwa na Beyer, Peacock kule Manchester, zikaja kwetu miaka ya 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na tani zipatazo 250, na kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Wazee wetu wa karakana walijua ya kuwa injini ikiingia matengenezo makubwa, boila yake yaweza kutolewa na kutiwa nyingine iliyokwisha tengenezwa, ili injini isikae bure ikingoja. Kwa hiyo mwenye kutaka kujua habari za injini hasomi kibao peke yake. Husoma namba zilizopigwa katika chuma, sehemu kwa sehemu, kisha huzilinganisha na daftari. Beyer, Peacock walifunga kiwanda mwaka 1966, lakini karatasi zao hazikutupwa: nyingi zimewekwa katika makumbusho ya sayansi na viwanda mjini Manchester, na watu huzisoma mpaka leo.

Tukafuata njia hiyo hiyo kwa gari la Adeer. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa watu mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Wakati ule chuma cha pua kilikuwa haba Uingereza baada ya vita, ndiyo sababu bodi ikafanywa kwa aluminiamu. Bodi hiyo haishiki kutu. Lakini chasisi ni chuma cha pua, na ule ukuta wa mbele ni chuma cha pua pia, navyo huliwa. Namba yenyewe ya chasisi imepigwa kwenye chasisi, mbele upande wa kulia, pale inaposhikwa springi. Ni mahali pa matope, na pengine panakuwa na rangi mara nne au tano.

Hapa twataka wenye magari wasikie vizuri. Usitie mashine ya kusaga. Ukisaga utaifuta namba, na hata isipofutika, alama za mashine zitamfanya askari aone ya kuwa ulikuwa na nia ya kuifuta. Sisi tuliosha kwa maji na sabuni, tukapaka mafuta ya taa, tukangoja, tukasugua kwa brashi ya waya kwa mkono. Kisha tukakausha, tukapaka chaki, tukaifuta juu juu, chaki ikabaki ndani ya tarakimu. Jua lilipoinama, tukaona vizuri. Tukaweka karatasi nyembamba juu yake, tukasugua kwa penseli, tukapiga na picha. Namba ilianza na 242: gari fupi la petroli, la nchi za nje.

Basi chasisi ilisema kweli, na kibao kilikuwa cha gari jingine. Kilifikaje pale? Adeer mwenyewe ndiye aliyekumbuka. Zamani ukuta wa mbele uliliwa na kutu mpaka pedali zikawa zinacheza. Fundi mmoja akaukata, akafunga mwingine aliouondoa kwenye Land Rover ndefu iliyopinduka njiani. Ukuta ulikuja na kibao chake, na hakuna aliyefikiri kukibadili. Fundi hakuwa na hila. Alitaka gari litembee, nalo likatembea.

Lakini kukumbuka hakutoshi. Mtu aweza kusema lolote. Ilitupasa kupata mashahidi wengine wawili ambao hawakumjua Adeer wala sisi.

Shahidi wa kwanza ni serikali. Kuandikisha magari katika Kenya sasa ni kazi ya NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Adeer alikwenda polisi kwanza, akaeleza ya kuwa logibuku imeharibika kwa mafuriko, akaandikiwa abstrakti. Kisha, kwa ile namba ya barabarani, ikaombwa nakala ya maandiko ya gari. Namba ya chasisi iliyoandikwa humo ilikuwa ile ile tuliyoipata kwa brashi na chaki, tarakimu kwa tarakimu, na jina la mwenyewe ni la Adeer. Siku ile alikula chakula vizuri.

Shahidi wa pili ni kiwanda. Huenda mtasema, "Kiwanda cha Ulaya kitakumbukaje gari moja la miaka sitini?" Kiwanda hakikumbuki, kiliandika. Gari lilipotoka, karani aliandika katika daftari. Madaftari ya Land Rover, pamoja na ya magari mengine mengi ya Kiingereza kama Morris na MG, yametunzwa mahali paitwapo Gaydon, katika jimbo la Warwickshire, kwenye jumba la makumbusho ya motokaa za Uingereza. Mtu yeyote aliye na gari la namna hiyo aweza kuwaandikia. Atapeleka namba ya chasisi na picha zake, atalipa ada, nao watafungua daftari na kumpa cheti. Kadiri daftari lilivyojazwa, cheti kitasema gari lilitengenezwa siku gani, lilikuwa na injini namba gani, rangi gani, liliondoka kiwandani lini, na lilipelekwa kwa nani. Magari yaliyopelekwa nje vipande vipande huwa na maelezo machache, kwa sababu hayakuunganishwa pale. Wenye Peugeot na Volkswagen wasikate tamaa: viwanda hivyo navyo vina majumba yao ya kutunza karatasi, Peugeot kule Ufaransa, na Volkswagen kule Wolfsburg, Ujerumani.

Tuliandika barua, tukaisoma mara tatu kabla ya kuipeleka. Tukatuma kwa barua pepe, tukachangiana ada, tukangoja. Cheti kilipofika tulikisoma saa ya chakula, mikono ina mafuta, mmoja akikishika kwa gazeti.

Kilisema hivi. Gari lilitoka Solihull miaka michache baada ya Uhuru wetu. Lilikuwa gari fupi, petroli, usukani wa kulia, la kuja Kenya. Rangi yake ya kwanza ilikuwa kijani. Adeer siku zote alilijua likiwa la kijivu, lakini mwenzetu aliyekuwa Balambala alipoinua kiti na kukwangua kidogo chini yake, akaona kijani. Hilo lilitupendeza, kwa sababu karani yule na rangi ile hawakupatana kusema uongo.

Cheti kilisema neno jingine lisilotupendeza. Namba ya injini katika cheti si ile iliyopigwa ubavuni mwa injini iliyomo. Injini ya kwanza ilikwisha ondolewa, nayo iliyomo ni ya namna ile ile lakini si yenyewe. Mmoja wetu, hatutamtaja, alisema kwa mzaha ya kuwa namba ya injini ni rahisi kupigwa upya, nasi tuna nyundo na tarakimu za chuma karakanani. Mzaha ule ulikufa pale pale. Magari ya namna hii yakikutwa na injini yao ya kwanza bei hupanda, na ndiyo sababu duniani wako watu wanaopiga namba za uongo. Lakini fundi apigaye namba ya uongo mara moja, hana namba tena itakayoaminiwa. Tena ni kosa la jinai. Adeer aliambiwa wazi, akaenda kuandikisha ile injini iliyomo, kama sheria itakavyo.

Jambo la tatu, cheti kilinyamaza. Watu wa Balambala husema gari hili lilimbeba Bwana Mkubwa mmoja wa serikali kabla ya kuuzwa kwa mnada. Pengine ni kweli. Lakini daftari la kiwanda huishia mlangoni mwa kiwanda: lilitaja wakala aliyepelekewa gari, basi. Hatukuandika habari ya Bwana Mkubwa katika karatasi za kuuzia, ingawa ingeongeza bei. Na neno la mwisho juu ya cheti: si hati ya kumiliki gari. Hakimzuii mwenye gari kuonyesha logibuku. Chaeleza gari lilivyozaliwa tu, na mwenye gari ni nani ni kazi ya maandiko ya serikali.

Yule mnunuzi alirudi kama alivyosema. Adeer akamwekea mezani nakala ya serikali, cheti cha Gaydon, ile karatasi ya penseli, na kile kibao cha 252 kimefunguliwa, akamweleza kilivyofika. Akamwambia na habari ya injini kabla hajaulizwa. Mnunuzi akataja bei nyingine, mara nne ya ile ya kwanza. Adeer akamshukuru, akamwambia atafikiri. Baada ya miezi miwili akamwuzia mtu mwingine, kwa bei iliyopita hiyo kidogo, na sasa pampu inafanya kazi. Tulipouliza kwa nini hakumwuzia yule wa kwanza, alijibu, "Alikuwa akijua namba, akanitisha nayo. Nyinyi mlikuwa mkijua namba, mkanisomesha."

Sasa, ndugu wanachama, mbona tumewaleteeni habari hii?

Yule karani wa Solihull aliyeandika mstari mmoja katika daftari, hakujua ya kuwa Balambala iko duniani. Alikuwa mfanyakazi kama sisi, labda amechoka, labda anangoja kengele ya saa kumi na moja. Lakini aliandika sawasawa, na mstari wake umeokoa jina la mzee mmoja kando ya Tana baada ya miaka sitini. Fundi wetu aliyefunga ukuta alifanya kazi nzuri kwa mikono, lakini hakuandika hata neno moja, na kimya chake karibu kilimfanya mzee yule aitwe mwizi. Kuandika ni sehemu ya kazi ya fundi. Ukibadili kitu, andika umebadili nini, lini, na namba ipi ilitoka na ipi iliingia.

Na jambo la pili latuhusu sisi wenyewe. Reli yetu imebadili jina na mwenyewe mara nyingi. Mwaka 1948 ikawa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1969 reli ikatengwa na bandari. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, ikawa Reli ya Kenya. Mwaka 2006 ikakodishwa kwa Rift Valley Railways, na mwaka 2017 ikarudi. Kila mabadiliko yalikuwa kama kuhama nyumba usiku: makaratasi huanguka njiani. Tumeona wazee wastaafu wakija na hati moja iliyokunjwa mara nane, wakiulizwa siku waliyoandikwa kazi, nao hawana la kuonyesha ila makovu ya mikono. Chuma kina cheti cha kuzaliwa kule Uingereza, na mtu aliyekitengeneza miaka thelathini hana cheti cha kazi!

Kwa hiyo twawaomba jambo dogo. Kila mmoja anunue daftari la shilingi chache. Aandike siku aliyoandikwa kazi, namba yake ya kazi, kila cheo na kila stesheni, na tarehe zake. Aandike namba yake ya NSSF, na kila mwaka aulize makato yake yamefika. Barua ya kuajiriwa na barua za kupandishwa zipigwe picha kwa simu, nakala moja ikae kwa mke au kwa mtoto mkubwa, na nakala nyingine ofisini kwa Katibu. Karatasi isikae katika sanduku moja tu, maana mafuriko hayabishi hodi. Na kama karatasi yako na ya ofisi hazilingani, usitishike na usinyamaze. Lete zote mbili kwa chama, tuzipime kama tulivyopima gari, kabla hajaja mtu wa kukuondolea taabu kwa bei ya chuma chakavu.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jasho la mfanyakazi ni mali yake.

Aliye na gari la kale, au aliye na swali juu ya karatasi zake, atukute karakanani saa ya chakula. Brashi ya waya na chaki tunazo.